Namba Isiyo na Aro

Sisi tuliosoma Arua miaka ile watu wanarudi kutoka ukimbizini Kongo na Sudani na mabunda kichwani, tulijua kuzidisha kabla ya kujua dawati. Kila mtoto alikuwa na jiwe lake la kukalia, na ole wako uguse jiwe la mwenzako. Jedwali tuliliimba asubuhi tukiwa tumesimama, miguu imelowa umande, tumboni hamna kitu ila kipande cha muhogo wa jana, na aliyekosea saba mara nane alirudi nyumbani na alama kwenye mashavu ya miguu. Nayasema haya mapema ili kijana anayesoma ajue anaongea na nani. Nasema pia kwamba nina hasira. Asiyependa maneno ya mwanamke mwenye hasira na aishie hapa, tutasalimiana siku nyingine.

Hasira yenyewe imeletwa na simu. Mwezi uliopita Brayani, mtoto wa ndugu yetu Anguyo, kijana wa Kampala mwenye nywele zilizochorwa mistari pembeni, alituma ujumbe kwenye grupu la familia. Ulikuwa umepambwa kwa nyota na mioto. HESABU YA AJABU!!! Zidisha 12345679 kwa 9 uone maajabu. Watumie watu kumi upate baraka. Ndugu, jamaa na mashemeji wakaanza kupiga makofi ya vidole. Mmoja akaweka moyo, mwingine akaweka uso unaolia kwa kicheko. Watu ishirini na kitu, wengi wao wasomi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Hakuna aliyegundua kwamba kati ya saba na tisa kuna pengo. Waligusa kikokotoo, wakaona moja zimejipanga mara tisa, wakafurahi, wakaendelea kutazama mpira.

Mimi nilikuwa jikoni. Niliiweka simu chini ya sahani ili nisiione. Namba hiyo naijua tangu nina miaka tisa, na ndiyo iliyomtoa dada yangu shuleni.

Tulikuwa tunakaa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Vurra. Malori ya kwenda mpakani yalipita mbele ya nyumba yetu mchana kutwa, yakituachia vumbi jekundu kwenye nguo zilizoanikwa. Watoto wengine walicheza mpira wa majani ya migomba. Nasi tulicheza, lakini tulikuwa na mchezo wetu pia, wa vibati vya namba vya magari. Lori likipita, wa kwanza kujumlisha tarakimu za kibati chake anabebwa mgongoni mpaka kisimani na yule wa mwisho. Aliyeutunga mchezo huo ni Candiru, dada yangu, anayenizidi miaka minne. Alikuwa mrefu, mwembamba, si msemaji. Lori halijamaliza kona, yeye ameshasema ishirini na tatu. Mimi nilimbeba mpaka nikazoea uzito wake, na siku moja moja alikaa kimya makusudi ili nishinde.

Jioni tulikula enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na wimbi, kwa osubi, mboga ya majani iliyoungwa karanga. Mvua zikianza, wale kumbikumbi wanene tunaowaita onya walitoka ardhini, nasi tuliwala wabichi kwanza, kisha wa kukaanga, kisha waliokauka, mpaka tumbo likalalamika. Candiru aliwapanga tisa tisa kabla ya kuwala, na aliyebaki nje ya mafungu alinipa mimi. Siku hizi mtoto analetewa chipsi kwenye mfuko, anazipiga picha mpaka zinapoa, kisha anasema hazina ladha.

Shuleni kwetu darasa la nne na la sita yalikaa chini ya paa moja, katikati umetundikwa mkeka. Upande wa la nne nilikuwa mimi. Upande wa la sita alikuwa Candiru, na Mwalimu Rajabu akifundisha hesabu. Mwalimu Rajabu alikuwa Mnubi wa Koboko, mtoto wa askari, mtu mfupi mwenye kanzu safi kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho. Silabasi ilimtaka afundishe kwa Kiingereza. Kilugbara chake kilikuwa cha kubahatisha. Hesabu alizifundisha kwa Kiswahili cha kambini, na mpaka leo sisi tuliopita mikononi mwake, tukigusa namba, ulimi unageuka wenyewe na kuingia Kiswahili kile.

Siku hiyo aliandika ubaoni 123456789 na kuwaambia la sita wazidishe kwa tisa. Jibu lake ni baya, mtu yeyote anaweza kulipiga aone: 1111111101. Moja nyingi, kisha sifuri imejipenyeza mahali isipotakiwa. Candiru alipokuwa akinakili akaruka nane. Si kawaida yake kukosea, lakini alikuwa na njaa kama sisi sote, na aliandika 12345679. Akazidisha kwa tisa. Mwalimu akapita nyuma yake na fimbo.

"Wewe umeacha nane," nilimsikia akisema. "Nane yangu iko wapi?"

Candiru alisimama na kunyoosha mkono, tayari kuchapwa. Nilichungulia kwenye tundu la mkeka. Mwalimu alikuwa ameinama juu ya daftari, fimbo imebaki kwapani. Kisha akaenda ubaoni, akaizidisha mwenyewe, akapata 111111111. Akaizidisha tena kwa kumi na nane, zikatoka mbili tisa. Kwa ishirini na saba, tatu tisa. La sita wakaanza kupiga kelele wakitabiri, thelathini na sita zitatoka nne, arobaini na tano zitatoka tano, na kila alipoandika zikatoka kweli, mpaka themanini na moja zikatoka tisa tupu. Sisi wa la nne tulikuwa tumeshaung'oa mkeka, mwalimu wetu naye yumo kati yetu ananyoosha shingo.

"Hii kosa," Mwalimu Rajabu alisema, chaki imemjaa kwenye kanzu, "iko muzuri kushinda jibu yangu."

Hakumchapa. Aliwapa darasa kazi ya nyumbani, na kazi yenyewe ilikuwa swali moja: kwa nini nane imetoroka, imekwenda wapi? Atakayeleta jibu atapewa daftari jipya. Nyinyi mnaonunuliwa madaftari kwa boksi hamwezi kujua uzito wa ahadi hiyo. Lakini Candiru hakulitaka jibu kwa ajili ya daftari. Nilitembea naye kurudi nyumbani siku ile, malori matatu yakapita na hakuyatazama vibati.

Nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Anguyo, kitinda mimba wetu, alikuwa na malaria, amelala kwenye nyumba ndogo ambayo Mama alikuwa ameisiriba udongo mweupe. Baba alikuwa safarini Kongo. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kutoka kijijini kwake Inde kumsaidia Mama kuuguza. Shangazi alikuwa mwanamke wa nguvu, alishawahi kuuza samaki wakavu mpakani Vurra, na alijua kupandisha sauti. Candiru hakuwa na karatasi. Alichukua mkaa akaanza kuandika kwenye ukuta ule mweupe, kwa nje. Akajumlisha tarakimu zote za namba yake, akapata thelathini na saba. Akaigawa namba kwa thelathini na saba, ikagawanyika bila baki: 333667. Aligeuka kunitazama, macho yametoka, kama mtu aliyesikia hodi kwenye nyumba tupu. Kisha akaizidisha kwa nane, ile ile iliyokosekana, akapata 98765432. Namba ilikuwa imegeuka na kurudi kinyumenyume, na safari hii aliyekosekana ni moja.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kwa Kilugbara nane ni aro. Dawa nayo ni aro. Ni sauti tu inayopanda au kushuka kidogo, na mtoto mtundu anaweza kuipinda apendavyo. Watoto wa jirani walikuwa wamekusanyika kumtazama Candiru, na mimi nilitaka wanitazame mimi. Nikapiga kelele, nikaipinda sauti makusudi: "Namba ya Candiru haina aro!" Namba ya Candiru haina dawa. Wakacheka, tukaufanya wimbo, tukauimba tukizunguka nyumba ya mgonjwa. Nilijiona mjanja sana.

Mchi wa Shangazi ukanyamaza kwenye kinu. Alitoka, akautazama ukuta, akasikia wimbo, akaona binti wa kaka yake amemwandikia ndugu yake ugonjwa usio na dawa, kwenye ukuta wa upande alikolaza kichwa. Sikufikiri angeuamini wimbo ule. Aliuamini, au alitaka kuuamini. Alimshika Candiru mkono wenye mkaa, na Mama akaambiwa alete maji na udongo. Ukuta ukasiribwa upya jioni ile ile, 333667 na 98765432 zote zikaingia chini ya tope. Mama alisema lile neno lake la kila siku: "Msibishane na wakubwa." Kama kuna neno lililotuharibia maisha katika nyumba ile, ni hilo, nalo lilisemwa kwa upole kabisa.

Anguyo alizidiwa. Akapelekwa hospitali kwenye keria ya baiskeli, akachomwa sindano, akawekewa maji. Shangazi akasema mtoto anayeandika magonjwa akae mbali mpaka mwenzake apone, akaondoka na Candiru kwenda Inde. Mpaka apone, alisema. Nilisikia kwa masikio yangu. Na Anguyo akapona. Haikufika wiki mbili akawa anaomba uji, kisha anaomba uji mwingine, kisha anafukuza kuku uani. Dawa yake ilitoka hospitali, na wala haikuuliza ukuta umeandikwa nini.

Candiru hakurudi.

Mwalimu Rajabu alikuja na baiskeli, siku ambayo Shangazi naye alikuwa amekuja kuchukua blanketi la Candiru. Yeye hakujua Kilugbara vizuri, Shangazi hakujua Kiingereza, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua kunde.

"Mama," Mwalimu alimwambia Shangazi, kofia mkononi, "mimi natafuta mutoto yangu ya hesabu."

"Mutoto yako iko Inde. Iko pumzika."

"Anapumzika mpaka lini? Mwaka kesho iko mtihani kubwa. Huyu mutoto iko na kichwa, mama, mimi hapana ona kichwa kama hii tangu nianze kazi."

"Wewe ndiye ulimufundisha namba haina aro," Shangazi akasema. "Anaandika kwa ukuta ya mugonjwa namba haina dawa, unataka mugonjwa afanye nini? Apone?"

Mwalimu akajishika kichwa. "Mama, hiyo ni aro ya Kilugbara! Kwa Kiswahili ni nane. Kwetu Wanubi ni tamanya. Mimi nimegonjwa malaria mara mingi, hapana mutu alinipatia tamanya nikapona."

Mama aligeuka pembeni, mabega yakimtikisika. Shangazi hakucheka.

"Na mutoto amepona," Mwalimu akaendelea, akamwonyesha Anguyo aliyekuwa na mkia wa kuku mkononi. "Huyu hapa. Sasa ugonjwa iko wapi?"

Shangazi akamtazama Anguyo, akamtazama Mwalimu, kisha akasema ukweli ambao nafikiri hata yeye hakukusudia kuusema.

"Tumbaku iko kwa shamba, imeiva. Nani atavuna? Wewe?"

Pale ndipo nilipotakiwa kusimama. Nilikuwa na miaka tisa, sikuwa bubu. Ningesema wimbo ni wangu, utani ni wangu, Candiru hakusema neno. Niliendelea kuchambua kunde. Mwalimu Rajabu alivaa kofia yake, akamwambia Mama asante kwa maji ya kunywa, akapanda baiskeli. Alikuja tena mara mbili, akakuta mlango umefungwa. Baadaye akahamishiwa Koboko, na huko ndiko alikozikwa.

Basi, nimekuwa nikisikia wenzangu wa rika langu wakisifia zamani mpaka mate yanawakauka. Heshima ilikuwepo, wanasema. Wakubwa walisikilizwa. Ndiyo, walisikilizwa! Nani alikuwa na ruhusa ya kutowasikiliza? Sisemi kila mzee alikuwa mbaya. Mama yangu alikuwa mtu mwema, na Shangazi mwenyewe alitulisha miaka ya shida. Lakini tusidanganyane. Tumbaku ilikuwa inakula mikono: kuchuma, kuunganisha majani kwenye kamba, kuyapanga kwenye nyumba ya moto ya kuyakaushia, kuchochea. Mikono ya msichana wa miaka kumi na mitatu ilikuwa rahisi kupatikana, kilichohitajika ni sababu tu, na sababu niliitoa mimi nikiwa nacheka. Hiyo ndiyo heshima iliyomla dada yangu, na sitaki kuambiwa niikumbuke kwa tabasamu.

Mimi nikasoma. Nilisoma mpaka chuo, na sasa ni zaidi ya miaka ishirini nafundisha Kiswahili sekondari hapa Arua. Anguyo akasoma, akanenepa, akajenga Kampala, akamzaa Brayani. Candiru akaolewa huko huko Inde na mwanamume mpole aliyekwisha kufariki, akazaa watoto sita, wote wakaenda shule. Katika familia anaitwa yule wa Inde. Kwenye harusi anapangiwa kazi jikoni bila kuulizwa. Simu yake ni ile ndogo ya tochi, kwa hiyo kwenye grupu hayumo, na ujumbe wa Brayani haukumfikia.

Jumamosi iliyofuata nikapanda boda mpaka Inde kumpelekea mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nagombana na watu ambao hawapo. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapalilia karanga, mgongo bado umenyooka, nywele nyeupe zimetoka chini ya kitambaa. Tukasalimiana kwa Kilugbara, tukaulizana watoto, tukaulizana mvua. Kisha nikampa simu. Aliisogeza mbali na macho, kama tunavyofanya sote sasa, akasoma polepole. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, hata leso nilibeba.

"Wamefika kwa tisa tu?" aliuliza. Na lugha ikageuka palepale, ikawa ile ya Mwalimu Rajabu.

Akaweka jembe chini, akasafisha udongo kwa kiganja, akachukua kijiti. Aliandika moja mara tisa, akaanza kuzigawa kwa tisa, mdomo ukisema kila hatua kama tulivyofundishwa. Kumi na moja, tisa iko ingia mara moja, inabaki mbili. Ishirini na moja, inaingia mara mbili, inabaki tatu. Jibu lilikuwa linapanda ngazi, na baki nayo inapanda nyuma yake, kila mara imelizidi kwa moja. Alipofika sabini na moja akapunguza mwendo ili mimi mzito nifuate.

"Sabini na moja, inaingia mara saba. Inabaki ngapi?"

"Nane," nikasema.

"Hii hapa nane ya Mwalimu." Akaizungushia duara. "Hapana toroka. Iko baki. Nane inashuka, inakaa na moja, inakuwa themanini na moja. Tisa inaingia ndani yake mara tisa, kwisha, hapana baki kitu. Kwa hiyo juu unaona saba, halafu tisa. Watu wanatazama juu tu wanasema nane imepotea. Nane iko chini, inafanya kazi."

Nikamuuliza alilijua hilo lini.

"Siku ya tatu hapa. Nilikuwa naunganisha tumbaku." Alifuta kijiti kwenye sketi. "Nilisema nikirudi shule nitamwambia Mwalimu."

Leso niliyombebea yeye ikanifaa mimi. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akaendelea, kwa sababu kulikuwa na zaidi, na inaonekana alikuwa amesubiri sana. Izidishe kwa mbili, alisema, ni 24691358: tafuta saba, hakuna. Kwa nne, 49382716, tano hakuna. Kwa tano, 61728395, nne hakuna. Kwa saba, 86419753, mbili hakuna. Kwa nane, moja hakuna, hiyo unaikumbuka. Kila mara tarakimu nane, zote tofauti, na ukiacha sifuri, moja tu imekaa nje. Na ile uliyozidishia ukiijumlisha na ile iliyokaa nje, lazima upate tisa. Nilizipiga moja moja kwenye kikokotoo cha simu, naye akinitazama kwa huruma, na zote zilikuwa kweli. Yeye alikuwa amezifanya kwa kijiti, kati ya mstari na mstari wa karanga, miaka mingi.

"Uliwahi kumwambia mtu?"

"Nani?" alisema. "Nilitafuta mutu ya kuambia. Baba ya watoto alikuwa anasikia, anasema ndiyo, ndiyo, halafu analala."

Nikaona nisiposema siku ile sitasema tena. Nikamwambia ni mimi niliyetunga ule wimbo, ni mimi niliyesema haina aro.

"Najua. Ulikuwa nyuma yangu."

"Mbona hukunitaja? Shangazi alikuuliza mbele ya wote."

Candiru alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto wa la kwanza. Alinijibu kwa Kilugbara, taratibu. Kwamba mimi nilikuwa la nne, na mikono yangu nayo ilikuwa inatosha kuunganisha majani. Kwamba kama angenitaja, Shangazi angetuchukua wote wawili.

Ninyi mnaotaka kumbukumbu tamu za utotoni, za kisima na kumbikumbi, ninazo, nimeziandika hapo juu, na zote zina mgongo wa mtu aliyenibeba bila mimi kujua. Nawasema vijana wa leo kwamba wana jibu mfukoni na hawana swali, na nitaendelea kuwasema, Brayani atanisamehe. Lakini sisi tulikuwa na msichana mwenye swali, akiwa hai, ameketi juu ya jiwe kati yetu, na tukampeleka kwenye tumbaku. Sijui ni nani kati yetu na vijana anayestahili kuchekwa.

Nilisimama nikitaka kuondoka, maana wingu la mvua lilikuwa limeshashuka. Candiru akanigusa mguu kwa kijiti.

"Wewe umesoma mpaka mwisho," alisema. "Sasa niambie. Mbili inakubali, nne inakubali, tano, saba, nane. Mbona tatu na sita inakataa?"

Nikazipiga kwenye simu. Kwa tatu, 37037037. Kwa sita, 74074074. Hakuna tarakimu nane tofauti, ni zile zile zinazungukazunguka. Nikazitazama nikijaribu kukumbuka chochote nilichowahi kufundishwa.

"Sijui, dada," nikasema.

"Basi kaa chini."

Nikakaa kwenye udongo na sketi yangu ya kazini. Akaniambia tatu na sita ni watu wa ukoo wa tisa, tatu inaingia ndani ya tisa, na kwa hiyo zikianza safari hazizunguki kijiji kizima kama wageni. Zinafika nyumba ya tatu tu, zinarudi kwao, zinaanza tena. Sifuri tatu saba, sifuri tatu saba. Akanichorea mgawanyo, akanionyesha baki zinavyorudi baada ya hatua tatu, akanifanya nirudie kwa mdomo wangu. Nilipokosea hakunikemea, alifuta tu kwa kiganja akasema, anza hapa. Nilielewa, mimi ambaye hesabu zilinishinda tangu kidato cha pili. Matone ya kwanza yalianza kutuangukia na hakuna aliyeinuka.

Shule ninayofundisha haina mwalimu wa hesabu tangu muhula uliopita. Tangazo limebandikwa langoni, nami nalipita kila asubuhi. Mstari wake wa kwanza unasema mwombaji awe na cheti.